Kipengele cha Saba

Leseni ya kufundisha, baada ya miaka ishirini na sita,
inaombwa kwa fomu ya kurasa tano,
picha mbili, nyuma peupe,
na cheti cha daktari kwamba macho yangu bado yanauona ubao.
Nimeegesha gari nje ya idara ya elimu, hapa Ibra.
Usukani unaunguza.
Kanuni mpya za maadili ziko mapajani
kama mtoto wa watu niliyeombwa nimshike kidogo.

Nimezisoma. Sina ugomvi nazo.
Mwalimu asipokee zawadi:
basi ile sahani ya halwa ya mama yake Mundhir,
iliyokuja siku moja kabla ya mtihani, zafarani juu,
ilikuwa kosa, na tuliila sote,
mwalimu mkuu ndiye aliyekomba sahani.
Mwalimu asifundishe kwa malipo nyumbani kwake.
Mwalimu asimwandikie mwanafunzi usiku kwa simu.
Sawa.

Kisha kipengele cha saba:
Je, umewahi kumpiga mwanafunzi?
Vijumba viwili, ndiyo na hapana,
na chini yake mstari mmoja, mfupi kuliko kidole:
Eleza.

Nieleze.
Darasa la tatu, mwaka wangu wa pili kazini,
hesabu baada ya mapumziko, vumbi la chaki, harufu ya chipsi.
Nikauliza, tatu na nne?
Shinuna, binti wa watu waliorudi kutoka Unguja,
akasimama, akasema saba.
Saba, nyepesi, bila ile herufi ya kooni,
ain, ambayo wenyewe huivuta kama ndoo kisimani
na sisi tuliidondosha njiani, sijui karne gani.
Darasa likaangua kicheko.
Jibu lilikuwa sahihi.
Nilimpiga viganjani kwa rula ya mbao,
mara ngapi sikumbuki, na mimi ni mwalimu wa hesabu.

Hakuna aliyejua kwamba sauti ile naijua.
Ndivyo alivyohesabu mama yangu, Bi Zuleikha,
vitunguu, baisa, siku zake za eda,
soko la Jumatano, wanawake wakicheka nyuma ya barakoa,
nami nina miaka minane, namvuta kanga
twende, mama, twende.
Nyumbani nilijifunza mbele ya kioo
mpaka koo likawasha, mpaka ain ikakaa.
Ikakaa vizuri.
Nikapewa chaki.

Shinuna hakulia. Alificha mikono kwapani
akajaribu tena, polepole, sab,
akakwama hapo,
na hadi shule ilipofungwa hakunyoosha mkono tena.
Rula ilivunjika baadaye, kwa jambo jingine.
Faili langu ni safi.

Dirishani, kijana wa idara,
kanzu imepigwa pasi hadi inakata,
anapekua kurasa zangu kwa kidole alichokilowesha.
"Mwalimu Thuwaiba, hapa hujajaza."
"Najua."
"Kila mtu anatia hapana. Tia, nikugongee muhuri,
mfumo unafungwa saa nane."
Ni mkarimu. Ananisogezea kalamu yake mwenyewe.
Nyuma yangu walimu wawili wapya, wadogo kama binti zangu,
wanaulizana kama soli ya kiatu ina maadili yake.

Natia ndiyo.
Mstari hautoshi, naendelea pembezoni,
nageuza karatasi.
Naandika Kiarabu, sarufi imesimama wima,
ila jibu la mtoto naliandika kama alivyolitamka.
Ain siitii.

Kijana anasoma. Midomo yake inatembea.
"Hapa umekosea herufi," anasema.
"Hapo," namwambia, "ndipo sijakosea."

Ananitazama, anatazama saa,
anauweka muhuri kando, juu ya kitambaa chake,
ananiambia nikae nisubiri mkubwa wake.
Nimekaa.
Kiti ni cha plastiki, mguu mmoja mfupi.